Aliyeungua moto: mwongozo kwa ndugu wa mgonjwa, kuanzia dakika ya kwanza hadi kovu

Mwongozo huu si wa madaktari. Ni wako wewe ambaye mtoto amejivutia sufuria ya uji jikoni Mabatini, hapa Mwanza, wewe ambaye karabai imemlipukia mdogo wako usiku dagaani, au umepigiwa simu kwamba kaka yako ameanguka na bodaboda Buhongwa na mfupa wa mguu unaonekana. Daktari mpasuaji atamshika mgonjwa wako kwa saa chache. Wewe utakuwa naye kabla na baada, na kiungo kupona au kulemaa kunategemea sana hizo siku zako. Kuwauguza watu wa namna hii kumenifanya niamini hivyo, na madaktari wenyewe hawabishi.

Upasuaji rekebishi, kwa wanaoujua kupitia mastaa na makalio yao, ni fani ya kufunika kilichobaki wazi na kulegeza kilichokakamaa. Afrika Mashariki ina historia nayo: AMREF, wale madaktari wa ndege, ilianzishwa mwaka 1957 na wapasuaji watatu wa fani hii hii, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. McIndoe ndiye aliyewatengeneza upya nyuso na mikono marubani walioungua katika Vita ya Pili ya Dunia.

1. Maji, dakika 20

Vua nguo zilizolowa uji au mafuta. Vua pete, bangili, saa na shanga za kiunoni kabla uvimbe haujaanza, maana pete inayobaki kwenye kidole kinachovimba inaweza kuondoka na kidole. Nguo iliyogandia kwenye ngozi usiivute. Kata inayoizunguka, yenyewe uiache.

Kisha maji ya kawaida, yasiyo na barafu, yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20 za saa, si za kukisia. Bomba likiwa limekata, na Mwanza tunajua linavyokata huku ziwa tunalitazama, tumia ndoo na kata: mmoja anamwaga, mwingine anashika simu anahesabu. Umechelewa? Mwagia tu. Ndani ya saa tatu tangu aungue, maji bado yanasaidia kupunguza kina cha kidonda. Mtoto mdogo anapoa haraka mwili mzima, kwa hiyo wakati unapoza mkono, sehemu nyingine zote ziwe ndani ya kanga au blanketi.

Aliyeunguzwa mtumbwini apozwe kwa maji ya ziwa pale pale kilindini. Kidonda kitaoshwa hospitali. Mkishafika mwaloni msimsimamishe kwenye maji ya ufukweni penye matete. Huko ndiko wanakokaa konokono wa kichocho, na ndoo ya maji safi haiko mbali.

Sasa yale ya jikoni: dawa ya meno, ute wa yai, unga wa ngano, majivu, mafuta ya kula, bluu ya kufulia, manyoya ya sungura. Yote hapana. La sungura nalisema kwa uchungu kwa sababu lina wafuasi wengi. Manyoya yanagandia kwenye kidonda kibichi, na huku wodini kuna mtu atakayekaa na kibanio kuyachomoa kidogo kidogo mtoto akipiga kelele, na pamoja nayo inatoka ile ngozi changa iliyokuwa imeanza kuota. Asali ina heshima yake katika kutibu vidonda, sikatai, lakini ya chupa ya barabarani juu ya kidonda cha leo ni uchafu tu.

Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi, au ile nailoni nyembamba ya kufunikia vyakula, uilaze juu bila kuzungusha na kukaza. Malengelenge usiyapasue.

Umeme una sheria yake: zima swichi kabla ya kumgusa, na huyo aende hospitali hata kama anaongea na kucheka, kwa sababu tundu dogo la nje linaweza kuficha nyama iliyoiva ndani na moyo uliovurugika mapigo. Maji ya betri au kemikali nyingine huoshwa kwa maji mengi, kwa muda mrefu kuliko hizo dakika 20.

2. Pima kwa kiganja, andika saa

Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole vyake, ni takriban asilimia 1 ya mwili wake. Pitisha macho ukihesabu ni viganja vingapi vimeungua. Palipokuwa pekundu tu bila lengelenge usipahesabu. Vikifika vitano kwa mtoto, au kumi kwa mtu mzima, safari ianze. Ianze pia bila kuhesabu kiganja chochote kama kidonda kiko usoni, mkononi, kwenye nyayo, sehemu za siri au juu ya kiungo kinachokunjwa. Kama kimezunguka mkono au mguu mzima kama bangili. Au kama palipoungua ni peupe au pakavu kama ngozi ya ngoma na ukigusa mgonjwa hasikii. Kutosikia maumivu hapo si nafuu. Ni neva zimekufa.

Sauti ikikwaruza, vinyweleo vya pua vikiwa vimeungua, makohozi yakiwa meusi, njia ya hewa inavimba. Huyo hawezi kusubiri meli ya asubuhi.

Halafu chukua karatasi, au kiganja chako mwenyewe, uandike saa aliyoungua. Watu wanadharau jambo hili, acha nilieleze. Aliyeungua sana anavuja maji na chumvi kutoka kwenye mishipa, na anayeletwa akiwa amekauka anaweza kufa figo zikiwa zimesimama, ngozi haijafikiriwa hata. Kanuni inayofundishwa vyuoni kukisia dripu ni mililita 4 mara kilo za mgonjwa mara asilimia zilizoungua. Mtu mzima wa kilo 60 aliyeungua asilimia 30 anahitaji 4 × 60 × 30, yaani mililita 7,200 ndani ya saa 24, na nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza. Hizo saa 8 zinahesabiwa tangu moto ulipompata, si tangu alipofika mapokezi. Ameungua saa 2 usiku kisiwani Kome, amefika Bugando saa 8 usiku: za kwake zimebaki 2. Ndugu akisema tu "aliungua jioni", daktari anabaki kukisia. Dripu ikipungua figo zinaumia. Ikizidi mapafu yanajaa maji. Ndiyo maana pia watamwekea mpira wa mkojo na kuusoma kila saa. Usiulalamikie.

Kwa hiyo usipitilize zahanati au kituo cha afya kama kina mtu na dripu: waanze hapo, wamchome ya maumivu, waandike barua ya rufaa, msafiri dripu ikishuka. Kama hakuna kitu na boti haijaja, mgonjwa aliye macho na asiyetapika apewe ORS kwa kijiko au kikombe, kidogo kidogo. Mtoto aendelee kunyonya. Maji matupu mengi si mbadala wa ORS, kwa sababu anachopoteza ni pamoja na chumvi.

Kutoka Sengerema na Geita daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kwa hiyo ile sababu ya kulala Busisi kungoja kivuko imekufa. Ukerewe, Ukara na visiwa vidogo bado ni maji, na uamuzi wa kuondoka lazima uwahi kuliko wa mtu wa Igoma. Mjini, hospitali ya rufaa ya mkoa ni Sekou Toure, na ya kanda nzima ni Bugando, pale juu kilimani. Dharura haihitaji barua ili kupokelewa, ila barua inaokoa muda wa kueleza upya.

3. Wodini: maumivu, damu na chakula

Ataulizwa chanjo ya pepopunda. Kama huna uhakika, sema huna uhakika, achomwe. Usishangae wasipompa antibayotiki siku ya kwanza: zinapewa kidonda kikionyesha kuambukizwa, kwa sababu zikipewa bure zinafuga wadudu sugu watakaomshambulia mgonjwa wiki ya pili.

Kusafisha kidonda kunauma kuliko kuungua kwenyewe, wagonjwa wengi husema hivyo. Omba dawa ya maumivu itolewe nusu saa kabla, si baada. Kwa vidonda vikubwa na watoto hutumika ketamini. Akizinduka anaweza kuongea maneno ya ajabu au kutaja watu waliokufa. Ni dawa, si mashetani, na inapita.

Ukiambiwa mlete ndugu wachangie damu, walete mapema. Siku hizi mahali penye vifaa na damu ya kutosha, ngozi iliyokufa hukwanguliwa ndani ya siku chache za mwanzo na palipo wazi pakafunikwa. Njia hiyo ilipata nguvu mwaka 1970 kwa kazi ya Zora Janžekovič, daktari wa Maribor. Inapunguza usaha na inapunguza makovu, lakini inamwaga damu nyingi, na chupa zisipokuwepo benki ya damu, kisu kinasubiri.

Kuhusu chakula nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo familia inapoweza kufanya kitu ambacho hospitali haiwezi. Mwili ulioungua unajila wenyewe. Mtu ambaye kawaida anatosheka na sahani ya ugali sasa anahitaji gramu 1.5 hadi 2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kila siku. Wa kilo 50 ni gramu 75 hadi 100. Yai moja lina kama 6. Hesabu mwenyewe ni mayai mangapi. Bahati yetu ni kwamba tunaishi juu ya ghala: dagaa wakavu wa ziwa hili, karibu nusu ya uzito wao au zaidi ni protini. Wachambue, waoshe mchanga, wakaange bila mafuta, wasage, na unga wao uingie kwenye uji wa mtoto asubuhi na jioni pamoja na karanga. Mtu mzima apewe samaki, maharage, maziwa, mayai, kila mlo kitu kimoja kati ya hivyo. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na maziwa ni chakula kizuri. Michembe mitupu haijengi ngozi. Akitokea mtu wodini anakuambia samaki au mayai yanatungisha usaha, mshukuru umpishe.

4. Siku ya 21

Kidonda cha moto cha juu juu hufunga ndani ya wiki mbili, hivi au vile. Ambacho hakijafunga baada ya wiki tatu kilikuwa kirefu, na kikiachwa kitafunga kwa kovu nene linalovuta. Kwa hiyo weka alama kwenye kalenda ya simu yako siku ya 21 tangu aungue. Siku hiyo ikifika na bado mnaenda zahanati kubadilisha bandeji, swali linalopaswa kuulizwa ni moja: "Lini anapandikizwa ngozi?" Na ukiulizia siku ya 14 kwa kidonda kinachoonekana hakiendi, umefanya vizuri zaidi.

Kinachowadanganya watu ni kidonda kupungua. Mama mmoja, mwanawe Kulwa aliungua kwenye kiwiko kwa ndani, kila akija anafurahi.

"Nesi, kinapungua. Angalia, kilikuwa kiganja, sasa vidole viwili."

"Mama Kulwa, hebu mnyooshe mkono."

Haunyooki. Kidonda kimepungua kwa kuvuta kingo zake zikutane, na kilichokuwa jirani na kingo hizo ni mkono wa juu na mkono wa chini. Vimekutana. Shingoni kidevu huvutwa kifuani, kwapani mkono hugandia ubavuni, kiganjani vidole hukunjwa ngumi isiyofunguka. Kwa mtoto ni zaidi, maana mfupa unakua na kovu halikui, na kila mwaka unaopita mkunjo unakaza.

5. Kupandikizwa ngozi, na siku ya kufungua

Kabla ya thieta watataka kidonda kiwe chekundu kama nyama mbichi, kisafi, kisichonuka, na wingi wa damu (hemoglobini) uwe karibu na gramu 10 kwa desilita. Atapewa nusu kaputi au ganzi ya mgongo, kwa hiyo asile wala kunywa kwa saa atakazoambiwa. Hapa ndugu wanamponza mgonjwa kwa huruma, wakampa chai kwa siri alfajiri. Ama operesheni inaahirishwa, ama anatapika akiwa hajitambui na chai inaingia mapafuni.

Ngozi huchukuliwa mara nyingi kwenye paja, nyembamba sana, sehemu ndogo ya milimita. Paja linabaki na mizizi ya ngozi na huota lenyewe kwa wiki mbili hivi. Mwandae mgonjwa: paja litamuuma kuliko kidonda chenyewe. Ngozi ile hutobolewa vitundu kama wavu ili itanuke na majimaji yapate pa kutokea, inalazwa juu ya kidonda, inashikizwa. Ya usoni na viganjani huwa nene zaidi, imekatwa kina chote kinenani au nyuma ya sikio, kwa sababu ngozi nene haijikunji sana baadaye.

Siku mbili za kwanza ngozi hiyo haina mshipa hata mmoja. Inaishi kwa kunyonya unyevu wa kidonda, kisha mishipa midogo inaanza kuingia. Ni kama mche wa mpunga jarubani: umewekwa tu, haujashika, na anayeutikisa anaung'oa. Damu ikikusanyika chini yake inaelea na kufa. Ikiteleza inakufa. Usaha ukiingia unaiyeyusha. Kwa hiyo mguu uliopandikizwa ukae juu ya mto, usining'inie kitandani, asipelekwe chooni akichechemea kwa aibu, mletee bakuli. Bandeji usiifungue kuchungulia. Ikilowa damu au ikinuka, ita nesi.

Mara nyingi hufunguliwa siku ya 5, wengine mapema kidogo. Gozi ya ndani inaloweshwa kwa maji ya chumvi hadi iachie yenyewe, inainuliwa pole pole kutoka pembeni. Iliyoshika ina rangi ya waridi na imekamatana na mwili, ukiibonyeza kidogo inapauka na rangi inarudi. Iliyokufa ni ya kijivu au nyeusi na inateleza chini ya kidole. Mabaka yaliyokufa hapa na pale si msiba: madogo hufunga yenyewe, makubwa hurudiwa.

6. Mkao wa nafuu ndio unaolemaza

Ukisahau mengine yote, shika hili. Aliyeungua hutafuta mkao usiouma, na mkao usiouma ni kujikunja. Kujikunja kukiganda, ndiyo kilema. Kazi yako tangu siku ya kwanza, kabla hata ya upasuaji, ni kumlaza kinyume na anavyotaka.

Shingo ikiungua mbele, ondoa mto kichwani kabisa. Kunja shuka uweke chini ya mabega, kidevu kiangalie dari. Najua inavyoonekana, ndugu wanaokuja kuona mgonjwa watasema mnamtesa. Shingo iliyokakamaa haiishii kwenye sura: mtu wa nusu kaputi hushindwa kumpitishia mpira wa hewa, na upasuaji wa kumlegeza unageuka wa hatari kuliko ulivyostahili.

Kwapa: mkono ukae umetanuliwa pembeni, pembe mraba na mwili, juu ya mito. Kiwiko na goti: vinyooke. Kifundo cha mguu: unyayo uwe kama amesimama, usining'inie mbele. Mkono una siri yake. Kiganja kirudi nyuma kidogo kwenye kifundo, vidole vikunjwe pale vinapoota kwenye kiganja, kisha mbele ya hapo vinyooke, na kidole gumba kiwe mbali na vingine. Kila kidole kifungwe peke yake, maana vidole viwili vibichi vikifungwa pamoja vinaota pamoja. Wodini watakutengenezea kishikizo cha hogo, ile plasta ngumu ya kushikilia kiungo kisikunjike. Wasipofanya, omba, na kama uko mbali hata ubao uliolainishwa kwa pamba na bandeji unashika goti usiku.

Mazoezi yaanze mapema, isipokuwa zile siku chache baada ya kupandikizwa. Mtoto hanyooshi mkono kwa kuambiwa. Mning'inizie embe.

7. Mguu wa bodaboda, na vidonda vingine ambavyo si moto

Kuna jambo moja la kuelewa: ngozi ya kupandikiza haishiki juu ya mfupa mtupu wala kano tupu, kwa sababu hapo hakuna damu ya kuilisha. Mguu uliovunjika na kufunguka kwa hiyo unahitaji mambo mawili yaende pamoja: mfupa ushikizwe, na juu yake ije nyama yenye mshipa wake. Antibayotiki hapa hazisubiri. Zianze mapema kabisa, ndani ya saa za mwanzo. Kidonda kioshwe thieta, si juu ya kiti cha zahanati, na kifunikwe ikiwezekana kabla wiki haijaisha. Mfupa unaokaa nje unakauka na kufa, na mfupa uliokufa hutoa usaha kwa miaka.

Mpasuaji atakwambia pa kutoa nyama kutokana na kidonda kilipo. Chini ya goti, msuli wa shavu la mguu hugeuzwa kuja mbele. Katikati ya muundi, upo msuli mwingine ulio chini ya huo. Karibu na kifundo misuli imekwisha, kazi inakuwa ngumu, na hapo rufaa ya mapema ina thamani kubwa. Mkono uliochunwa ngozi ya juu unaweza kushonewa kinenani kwa wiki tatu hivi, hadi ngozi ya kinena izoee damu ya mkono, ndipo ikatwe. Kwa wiki hizo mgonjwa halishwi wala haogeshwi na mwingine zaidi yako, jipangeni zamu.

Aliyeng'atwa na mamba au kuumwa na nyoka akaoza nyama hupita njia hiyo hiyo: kusafishwa, mara nyingine zaidi ya mara moja, ndipo kufunikwa. Kidonda cha kung'atwa hakishonwi siku hiyo kwa kukaza.

Ajali ya barabarani inadai PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu. Ndugu mmoja aende polisi, mwingine aende na mgonjwa. Msiende wote polisi kwanza.

8. Fedha

Uliza siku ya kwanza, usisubiri bili. Kama ana bima, kadi na kitambulisho viwe mkononi. Hospitali za umma zina msamaha kwa watoto chini ya miaka mitano. Kwa wengine wasio na uwezo, mlango ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa inasaidia. Panga pia fedha za kurudi kliniki, kwa sababu wengi wanaopotea baada ya kuruhusiwa wanapotelea nauli ya boti. Kambi za madaktari bingwa zinapotangazwa wilayani, peleka mwenye kovu lililokakamaa akaandikwe, hata kama hatapasuliwa siku hiyo.

9. Mwaka wa kovu

Kovu la moto huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kutulia. Kwa miezi ya mwanzo linavimba, linakuwa jekundu au jeusi, linawasha hadi mtoto halali. Lipake mafuta yasiyo na manukato, ulisugue kwa kidole gumba kwa kubonyeza, mara kadhaa kwa siku. Nguo ya kubana husaidia, ivaliwe saa 23 kwa siku, itoke wakati wa kuoga. Fundi cherehani mwenye kitambaa kinachovutika anaweza kuishona kwa vipimo vya mtaalamu wa mazoezi tiba. Kishikizo cha usiku kiendelee muda wote huo. Jua la ziwani linalichoma kovu changa, lifunikwe.

Mara nyingi upasuaji wa kulegeza kovu husubiri litulie. Vitu vichache havisubiri: kope isiyofunga, maana jicho likikauka linapofuka, mdomo usiofunguka vya kutosha kula, shingo, na mkono wa mtoto unaoanza kukunjika. Kwa hivyo rudi mapema. Baada ya kulegezwa, mwaka wa kishikizo na mazoezi unaanza upya, na asiyekuwa tayari kwa hilo ni afadhali aseme kabla ya kupasuliwa.

La mwisho ni kwa wenye makovu ya zamani. Kovu la miaka kumi, ishirini, ambalo halikupandikizwa ngozi, likichanika na kukataa kufunga, kingo zikanyanyuka kama koliflawa, likatoa damu au harufu, linaweza kuwa saratani. Mwaka 2012 madaktari wa Bugando walichapisha taarifa ya wagonjwa 56 wa namna hiyo. Kipande kidogo kikikatwa na kupelekwa maabara, jibu linapatikana; ikiwahiwa hukatwa na kufunikwa kwa ngozi, ikichelewa huondoka na mguu. Kwa hiyo babu mwenye kidonda kisichopona juu ya kovu la utotoni asiandikiwe vidonge kwa mara ya tatu. Mwambie daktari unataka kinyama kipimwe.